Fundi Cheche na Kikombe cha Maji

Marehemu tunayemzika leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1958, kabla jua halijapanda, katika chumba cha pili kutoka mlangoni, nyumba ya kupanga yenye paa la bati. Cheti chake kinasema tarehe 10. Cheti kilijazwa na karani ambaye asubuhi hiyo alikuwa kwake amelala. Dada yake mkubwa alikuwepo, ana miaka tisa, ameshika taa. Kwa hiyo kwenye ratiba hii ya mazishi imechapwa tarehe tisa, na itabaki tisa.

Maneno haya yameandikwa na dada huyo kwa mkono wake. Yanasomwa na binti wa marehemu kwa sababu macho ya shangazi yake yanachoka upesi. Ameagizwa asiruke mstari, hata akifika mahali akaona afadhali kuruka. Na wageni wanaombwa wasinong'one mpaka mwisho. Kinachonong'onwa wiki nzima kinajulikana: kwamba fundi hakufa, aliuawa, na kwamba aliyemuua amekaa leo kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na ukuta. Dada atafika hapo. Kwanza mtu asimuliwe alivyoishi.

Mama yao alifariki mwaka 1962, marehemu akiwa na miaka minne. Baba alikuwa mpakiaji wa magunia ghalani, anatoka alfajiri, anarudi mgongo umepinda. Dada akatolewa shule, darasa la tatu, ili alee. Hakulalamika. Alisema tu kwamba huyu atasoma mpaka madaftari yaishe dukani. Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba akiwa wa pili kati ya watoto arobaini na mmoja. Majina ya waliochaguliwa kuendelea yalipobandikwa, lake halikuwepo. La mpwa wa mwalimu mkuu lilikuwepo, mtoto ambaye hata kusoma saa ya ukutani kulimshinda. Dada akaenda mpaka ofisini.

"Hakuna makosa hapa, mama," akaambiwa.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu na hakuwa mama wa mtu. Akajibu, "Sikuuliza kama yapo. Nimeuliza aliyeyafanya ni nani."

Akaonyeshwa mlango. Lakini tangu siku ile dada akaamini kwamba kila jambo baya lina mwenyewe, ukimtafuta utampata. Imani hiyo imemfaa kwa wenye nyumba, kwa wapima mafuta na kwa wachumba watatu. Wiki iliyopita imemtenda.

Mwezi wa kwanza mwaka 1974 marehemu alipelekwa kujifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mzee aliyeitwa Miwani, kwa kuwa alikuwa nayo mitatu na hakuona kwa hata mmoja. Kazi ikipungua mchana, marehemu alichukua chaki ya kupimia akamwandikia dada yake herufi kwenye bamba la chuma. Dada akazifuata kwa kidole, kisha kwa chaki. Hiyo ndiyo shule yake iliyobaki. Mpaka leo akiandika hukandamiza kama yuko juu ya chuma, karatasi ikatoboka.

Mwezi wa nane mwaka 1975 kulikuwa na geti la ghala la mbao. Bawaba zake zilikatwa kwenye springi ya lori, chuma kigumu chenye kiburi. Miwani akiwa amekwenda kula, marehemu aliiunga bawaba ya chini peke yake kwa mara ya kwanza. Dada akaja na maji ya kunywa. Akamkuta mdogo wake amechuchumaa, jasho linamchuruzika, anakitazama chuma chekundu, hafanyi kitu. Akaona amsaidie asipoteze muda. Akamwaga kikombe kizima juu ya kiungo. Chuma kikapiga kelele, mvuke ukapanda, kikatulia kimekuwa cheusi, kizuri kabisa. Kesho yake geti lilipotundikwa, bawaba ikalia *tak*, ikakatika kama biskuti, na geti likamshukia mwenye ghala kwenye dole gumba la mguu.

Miwani akauliza, "Nani amekimwagia maji chuma cha moto?"

Marehemu akasema, "Mimi."

Akafagia vumbi la chuma miezi mitatu bila kuruhusiwa kugusa mashine. Njiani kurudi nyumbani siku ile alimweleza dada yake taratibu: "Chuma kikishaungwa unaona kimekaa tu, kumbe ndani bado kinafanya kazi. Joto lile ndilo linalokipanga. Ukilinyang'anya kwa haraka, juu kitapendeza, ndani kina ufa."

"Mbona hukusema ni mimi?"

"Wewe ungepigana naye."

Ni kweli, angepigana naye. Basi tangu hapo, miaka arobaini na tisa, kila dada alipomsogelea na kikombe, marehemu aliinua macho akauliza, "Dada, hayo ya kunywa au ya kumwaga?"

Mwaka 1983 alifungua karakana yake, mabati manne na nguzo tano, ng'ambo ya barabara ya kituo cha mabasi. Alikuwa mtu wa kushuku, sifa aliyolelewa nayo. Chuma kinachong'aa sana alikigeuza upande wa pili. Kiungo alichokimaliza alikigonga kwa nyundo ndogo, akainamisha sikio, na kama sauti haikumridhisha alikikata mwenyewe na kuanza upya, mteja akiwa amesimama. Vitanda sitini vya hospitali alivitengeneza yeye mwaka 1998. Geti lolote la mtaa huu, ukiona limeinama, si lake.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1991 na msusi aliyekuwa na saluni pembeni ya karakana. Dada hakuificha shaka yake. Kiti cha saluni kilikuwa kimevunjika mguu mara tatu kwa mwezi mmoja, na mara zote tatu msusi alikileta mwenyewe, nywele zimesukwa upya. Dada aliwaambia majirani kwamba mwanamke yule anavunja viti vyake kwa makusudi ili amnase mtu. Siku ya harusi marehemu akamvuta pembeni. "Dada, mguu ule nilikuwa naushikiza kwa nukta moja tu ya kuchomelea. Nilitaka arudi." Ndicho kiungo kibovu pekee alichowahi kutoa karakanani. Mtu mwenye akili angejifunza kitu hapo. Dada alijifunza tu kwamba msusi amemharibu fundi mzuri. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1994, ambaye leo ni mpima ardhi, na ndiye anayesoma.

Ugonjwa ulimkuta Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiunga miguu ya tangi la maji. Alisema kifua kilikuwa kama kimebanwa kwenye jiliwa la kubania vyuma na mtu anazungusha mkono wa jiliwa. Mkewe alitoka saluni kitana kikiwa mkononi, akasimamisha pikapu ya kwanza iliyopita, akamfikisha hospitali. Dada alipofika wodini neno lake la kwanza halikuwa la pole.

"Wifi, ulijuaje haraka hivyo?"

"Nilisikia mashine imenyamaza."

"Mashine hunyamaza kila siku."

"Haijawahi kunyamaza vile, wifi."

Dada akaliweka jibu hilo akilini kama mtu anayeweka kisu.

Marehemu alilazwa kwenye kitanda kimojawapo cha vile sitini. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Changu hiki. Kitanibeba." Siku ya pili mwili ukapanda joto kidogo, na siku ya tatu dada akamkamata daktari, binti mdogo wa kumzaa, akamtaka aeleze.

"Bibi, mshipa mmoja wa moyo uliziba," alisema daktari. "Tumeuzibua, lakini kipande cha nyama ya moyo kilikuwa kimeshakufa kwa kukosa damu. Sasa kinga ya mwili imeamka. Chembe nyeupe za damu zinaingia pale kama askari. Wa kwanza ni wakali, wanavunja na kuzoa kilichokufa. Baadaye wanakuja wengine wapole, wanatuliza, wanajenga kovu. Joto hili na uvimbe wa ndani ni kelele za kazi hiyo."

"Askari wanakula moyo wa ndugu yangu na wewe unawatazama?"

"Wanakula kilichokufa."

"Na nani kawaonyesha kilichokufa kinaishia wapi?"

Daktari alivuta kiti akakaa. "Swali zuri, bibi. Kuna wakati wanazidisha, wakaharibu na kizima. Kuna wakati hawatoshi, kovu likawa jembamba kama karatasi. Ndiyo maana tunafuatilia. Wiki hizi mbili tatu pale mahali ni laini: nyama imeondoka, kovu halijakomaa. Tuwaache wafanye kazi yao."

Marehemu akacheka kitandani. "Dada, ni kuchomelea tu huko. Hawa wa kwanza ni brashi ya waya, wanasugua kutu. Halafu unaunga, unaacha kipoe."

"Brashi ya waya ndani ya moyo, na wewe umefurahi."

Katika maneno yote yale dada alichukua mawili: uvimbe, na wanazidisha. Daktari alipomwita mke ukumbini na karatasi ya maelezo ya nyumbani, akamwita na dada. Dada hakwenda. Kwa miaka yake, karatasi inayosomewa pembeni ni ya kusaini kitu. Akabaki amemshika mdogo wake mkono, akamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwangalie anayekupikia."

"Amenipikia miaka thelathini na mbili, dada. Kama ni sumu, basi ni mvivu."

Aliruhusiwa kurudi nyumbani Jumatatu tarehe 10 Juni. Dada akahamia pale siku hiyohiyo na godoro lake, kulinda. Juu ya kitanda cha mgonjwa akakuta karatasi imebandikwa, mwandiko wa mkewe, herufi kubwa. Akaisoma kipande kipande kama alivyofundishwa kwenye bamba: ASIPEWE DAWA YOYOTE YA MAUMIVU AU UVIMBE BILA KUMUULIZA DAKTARI. Alisimama pale muda mrefu. Mgonjwa, na anakatazwa dawa, na anayekataza ni mke. Akaibandua, akaikunja, akaificha kwenye mkoba wake. Ushahidi.

Kesho yake, Jumanne, akafungua pindo la nguo yake, alimofunga vidonge vyake vya magoti. Vidonge vile vilikuwa vikishusha uvimbe wa magoti kama mtu anayezima jiko. Akatoa viwili, akajaza kikombe, akamsogelea mdogo wake wakati mkewe yuko saluni na mteja.

"Daktari amesema?" aliuliza marehemu.

"Daktari amekulea?"

Marehemu akavitazama vidonge, akamtazama dada yake, akacheka. "Hayo ya kunywa au ya kumwaga?"

"Ya kunywa."

Akameza. Hakuwahi kukataa kitu kilichotoka kwenye mkono ule. Wala hakumwambia mkewe, maana alijua wangegombana juu ya kichwa chake. Kuanzia Jumanne hiyo viwili asubuhi, viwili mchana, siku sita. Kijoto kikaisha. Uso ukang'aa. Akaanza kutoka nje kukaa benchi. Dada akawa anapita mbele ya wifi yake mabega yakiwa juu.

Alifariki Jumapili tarehe 16 Juni 2024, saa kumi kasoro dakika kumi, benchini, mkewe akiwa pembeni anamkata kucha. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara. Akasema, "Geti lile, bawaba yake ya chini..." Hakumalizia. Walipofika hospitali hakukuwa na la kufanya.

Mkewe alilia. Dada hakulia, alichukua mfuko. Kabla jioni haijaingia mfuko ulikuwa na kikombe cha mgonjwa, sufuria yenye mabaki ya uji, chupa mbili za dawa za nywele kutoka saluni na ile karatasi. Akawaambia wajomba. Akawaambia majirani. Akamwambia mwenye pikapu. Hadi Jumatatu asubuhi hakuna mtu aliyegusa chai iliyochemshwa na mjane. Birika lilipoa limejaa. Dada ndiye aliyedai mwili upimwe kabla ya kuzikwa, na hapo watu wote wakageuka kumtazama mjane.

Jumanne tarehe 18 dada alipanga vitu vyake mezani kwa daktari, kimoja kimoja.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bibi, mwili umepimwa. Hakuna sumu. Moyo ulipasuka, palepale palipokuwa laini. Kovu halikuwahi kushika."

"Na hii?" Dada akafungua karatasi.

"Hii mwandiko ni wa mkewe. Maneno ni yangu. Nilimwambia ayaandike makubwa, wangu hausomeki."

Dada akaona anazungushwa. Akataka daktari ajue nani alikuwa na uchungu na mgonjwa na nani hakuwa nao. "Basi afadhali mimi niliyekuwa namtoa uvimbe," akasema, na akafungua pindo la nguo, akamwaga vidonge mezani kati ya sufuria na chupa.

Daktari alikiokota kimoja akakigeuza. Aliuliza vingapi, kwa siku ngapi. Dada akaanza kujibu kwa sauti kubwa, na kila jibu likatoka dogo kuliko la kabla.

"Dawa hii huwatuliza wale askari," alisema daktari mwishowe. "Kwenye goti ni sawa. Kwenye moyo wa wiki ya kwanza na ya pili, kazi inakatizwa katikati. Nje mtu anaonekana amepona."

Dada akasema, "Juu kinapendeza."

"Umesemaje, bibi?"

"Endelea."

"Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba ndivyo vilivyofanya. Kuna mioyo hupasuka bila mtu kugusa kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba havikutakiwa."

Daktari alimfungulia dada mlango wa kutokea, na ni daktari mwenye moyo. Mlango ule upo, ni mpana, na dada ameutazama siku nne. Hatapita. Mtu aliyetafuta mwenye kosa maisha yake yote hawezi kumkuta kisha akajifanya hamjui.

Akakusanya vitu vyake, akaenda moja kwa moja saluni. Hakuna mteja aliyekuwemo. Hakukuwa na mteja tangu Jumatatu. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti kile chenye mguu wa kuungwa.

"Wifi, ni vidonge vyangu," dada akasema akiwa bado mlangoni.

"Najua. Nilikiokota kimoja chini ya kitanda Jumapili ileile."

"Tangu Jumapili unajua, na watu wanakutemea mate, na umekaa kimya?"

Mjane alikuwa anakunja taulo. Alilimaliza, akaliweka juu ya mengine. "Mume wangu alifagia miezi mitatu kwa ajili yako, wifi. Mimi nimefagia siku mbili tu."

Dada hana zaidi ya kueleza kuhusu siku hiyo, isipokuwa kwamba alikaa, na mjane akamsuka nywele.

Dada hajui kuomba radhi. Hakufundishwa na hakujifundisha. Anajua kuandika, kidogo, na aliyemfundisha yuko mbele yenu. Basi ameandika, na neno likishasomwa mbele ya watu halifutiki. Waliosikia kwa mdomo wake kwamba mjane aliua, wasikie kwa mkono wake kwamba hakuua. Wajomba waliokuwa wamepanga kukaa kikao juu ya nyumba na karakana wabaki na kikao chao. Nyumba ina mwenyewe, naye hajafa. Binti, ukifika hapa acha kusoma kwanza, mpaka mama yako atoke pale ukutani aje akae kiti cha mbele, upande wa kulia. Hicho kiti cha mbele ni cha dada, na dada amehama.

Tukirudi kutoka makaburini kutakuwa na chai. Ataichemsha mjane. Kikombe cha kwanza atakunywa dada, mbele ya kila mtu, na asiyetaka cha pili aende kwao.

Marehemu ameacha mjane mmoja, msusi, aliyemtunza kama alivyoelekezwa. Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, mageti mia tatu na zaidi yaliyosimama wima, na vitanda vya hospitali ambavyo mgonjwa yeyote akivigonga vitamjibu. Ameacha na dada mmoja, aliyemlea, ambaye ametajwa mwisho kwa kuwa ndiye aliyepanga orodha.

Jumanne ile ya vidonge mdogo wake alimuuliza swali lake la siku zote, naye akamjibu vibaya. Alijibu kwa kiburi, hakujua. Leo anamjibu upya, kwa sababu mara ya kwanza, mbele ya Miwani, mdogo wake alijibu kwa niaba yake na hapakuwa na haki: yalikuwa ya kumwaga. Aliyemwaga ni dada.

Apumzike Fundi Cheche. Apoe kwa muda wake, na mtu asimharakishe.